Rafu Niliyoipangua

Sijui kukaa. Mama alikuwa akisema nimezaliwa na miguu inayowasha, na hata leo, mzee wa kutembelea mkongojo, ukinikalisha mahali kwa nusu saa nitaanza kutikisa goti mpaka meza ilalamike. Kwa hiyo unaweza kukisia nilivyoteseka miaka ile ya hamsini nilipoingia darasa la wachanganya dawa katika hospitali ya serikali, hapa Dar es Salaam. Kazi ya darasa lile ilikuwa moja tu: kukaa na kukariri.

Somo lenyewe liliitwa vipimo. Kila dawa ilikuwa na jina la Kilatini, jina la Kiingereza, kipimo cha chini na kipimo cha juu, na kama ni sumu, na ile dawa ya kumwokoa aliyeizidisha. Hesabu nilikuwa naiweza, maana hesabu ina njia; ukipotea unarudi nyuma ukaanza tena. Vipimo havikuwa na njia. Ukiuliza kwa nini hii iishie matone manane na ile ifike thelathini, jibu ni kwamba ndivyo ilivyo, kaa chini. Kulikuwa na mwenzangu mmoja kutoka bara, kijana mpole, aliyekuwa akisoma ukurasa mara mbili, anaufunika, basi, umeshaingia. Nilimchukia bila sababu nyingine yoyote.

Mwalimu wetu alikuwa Mgoa mfupi, suruali nyeupe, saa ya mnyororo. Alikuwa akisimama mbele yako, anataja dawa, anatazama saa. Ukikosea hapigi kelele. Anatikisa kichwa kwa huzuni kabisa na kusema, “Umeshamuua. Kamzike.” Kisha anaandika msalaba mdogo mbele ya jina lako na kutaja dawa nyingine. Mtihani wa katikati ya mwaka niliua watu kumi na mmoja asubuhi moja. Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao, lakini mwalimu aliniita baadaye akaniambia sheria ya chuo niliyokuwa naijua tayari: somo lile ukianguka mara mbili unafungasha vitu vyako. Mtihani wa pili ulikuwa mwisho wa mwaka, mvua za vuli zikiwa zimeanza.

Nyumbani kwetu Kariakoo habari hiyo niliipeleka kwa mtu mmoja tu, mjomba wangu. Alikuwa kaka yake mama, akikaa chumba cha mbele katika nyumba yetu. Tangu kabla sijazaliwa alikuwa akifanya kazi katika duka moja la dawa la Kihindi, Mchafukoge. Kazi yake ilikuwa kufunga unga wa dawa kwenye vikaratasi na kumletea mwenye duka chupa anayoitaka. Mwenye duka, Mhindu mzee mwenye kofia nyeusi, alikuwa akikaa kwenye kiti chake na mizani yake, anataja jina bila kuinua uso, na chupa inatua mbele yake kabla hajamaliza kulitaja. Mjomba msahafu alikuwa akiusoma vizuri sana, lakini herufi za Kizungu hakuzijua hata moja.

“Shikamoo Mjomba. Wale watu nimewaua,” nilimwambia, maana utani wa mwalimu alishaujua.

“Marahaba. Wangapi?”

“Kumi na mmoja.”

Akafikiri. “Njoo kesho dukani ukitoka darasani,” akasema. “Bwana Mkubwa nitamwambia mimi.” Ndivyo alivyomwita mwenye duka.

Basi nikawa naenda kila alasiri. Kutoka hospitali napita mjini moja kwa moja, daftari kwapani, na saa ile duka limetulia, mwenye duka anasinzia juu ya gazeti lake la Kigujarati. Ukuta mzima wa nyuma ulikuwa rafu, kutoka sakafuni hadi darini, na pembeni kabati la sumu lenye kufuli na vioo. Nikafungua daftari nikaanza kusoma majina. Mjomba akanipokonya daftari akaliweka juu ya mizani.

“Wewe unatafuta jina,” akasema. “Jina litakukimbia tu. Tafuta mahali. Mtaani kwetu, baada ya nyumba ya fundi cherehani anakaa nani?”

Nikamwambia. Na baada ya huyo? Nikamwambia. Nilikwenda hivyo mpaka sokoni bila kukwama, na nani ana mbwa, na nani kaoa juzi.

“Ulikariri?”

“Hapana.”

“Haya. Hii hapa,” akagonga chupa ya kahawia, “mdomo wake umemeguka. Jirani yake wa kulia ana harufu ya karafuu. Wa kushoto hagusani na mtu, ukimtikisa anatoa povu. Juu yao kasumba, afyuni ile, nzito, chupa fupi. Wewe andika majina yao, mimi nakujulisha kwao.”

Ndivyo tulivyofanya, wiki baada ya wiki. Rafu ile haikupangwa na mtu aliyesoma. Ilijipanga yenyewe kwa miaka zaidi ya ishirini, kwa mkono wa Mjomba: inayoitwa mara nyingi iko usawa wa kifua, ya wazee wa kikohozi karibu na ya watoto wa kikohozi, inayoharibiwa na jua iko kwenye kona ya giza, haluli ya chumvi, ile ya kufungua tumbo, chini kabisa kwa sababu chupa yake ni nzito na mgongo ni wake. Mimi nilichofanya ni kuvipachika vipimo vyangu kwenye zile chupa. Maji ya arseniki, rafu ya juu ya kabati, chupa yenye kizibo cha kioo: matone mawili hadi manane. Nikiiona chupa, matone naona. Nikiulizwa, nanyanyua mkono kichwani mwangu na kuichukua.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni kwamba rafu ile ilikuwa inatembea. Ukurasa unataka ukae nao. Rafu nilikuwa nikiondoka nayo. Nilikuwa nikiipita chupa kwa chupa huku nikitoka nyumbani, nazunguka soko, kupita chini ya lile paa refu la mabati ambapo wachukuzi wanapigiana kelele wapishwe, natokea mtaa wa Kongo, navuka uwanja wa Mnazi Mmoja, narudi. Mdomo unakwenda, mkono unapanda hewani kufuata chupa. Mwanamke mmoja muuza vitumbua alimwuliza mama kama nimetazamwa na mganga. Mama akanisema, “Punguza kutembea, mwanangu, watu wanasema umerukwa na akili.” Sikupunguza. Darasani misalaba ilipungua, ikawa mitatu, ikawa miwili, na siku moja hakuna. Mwalimu alinitazama akaitazama saa yake, akadhani imesimama.

Hapo ndipo nilipoanza kujiona mtu.

Kila mwaka kabla ya Divali duka lile lilikuwa likiteremshwa lote. Ndiyo desturi yao: sikukuu hiyo haiingii kwenye vumbi. Chupa zinashushwa, zinaoshwa, rafu zinapakwa rangi, ukuta unapigwa chokaa, mlangoni binti za nyumba wanachora maua kwa unga wa rangi, na jioni taa za udongo zinawashwa kila kizingiti mtaa mzima. Na kila mwaka, rangi ikishakauka, Mjomba ndiye aliyekuwa akizirudisha chupa, moja moja, kwa kichwa chake. Hakuna aliyewahi kumwelekeza.

Mwaka ule msiba ulitupata Buguruni, kwa jamaa wa upande wa mke wake wa zamani, na Mjomba akaenda kukaa matanga siku tatu. Nami alasiri nilipokwenda dukani nilimkuta mtoto wa mwenye duka, kijana wa umri wangu hivi, amerudi kutoka Bombay na cheti cha dawa. Chupa zote ziko sakafuni, zimeoshwa, zinameremeta. Rafu nyeupe, tupu.

“Wewe ndiye mwanafunzi,” akasema. “Baba anasema Kiingereza unasoma vizuri.”

“Nasoma.”

“Mimi nataka duka la kisasa. Kila chupa kwa herufi yake, A mpaka Z. Mtu yeyote akiingia aweze kuona. Utanisaidia?”

Ningeweza kusema ngoja Mjomba arudi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema, na jibu halinipendezi: nilikuwa nimeshikwa na kichwa kikubwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu kwa sababu najua kusoma. Na mikono ilikuwa inaniwasha kama miguu. Nikavua shati, nikabaki na fulana, nikaanza. Siku mbili nilizipandisha chupa, yeye akisoma orodha, mimi nikipanga na kubandika lebo mpya za Kizungu, nikimsahihisha hata pale alipochanganya herufi. Mwenye duka alikuja mara moja, akasimama, akaangalia, akasema neno moja kwa lugha yao kwa mwanawe, akarudi ndani. Sikujua alisema nini. Nilidhani anasifu.

Siku ya pili yake darasani mwalimu alisimama mbele yangu akataja maji ya arseniki. Nikanyanyua mkono wangu wa ndani kwenye rafu ya juu ya kabati, na mahali pale palikuwa na chupa mbili. Moja yenye kizibo cha kioo, ya zamani, na ubavuni pake, kana kwamba mtu ameisukumia pale, ile niliyoiweka juzi kwa mkono wangu. Nikataja kipimo cha ile nyingine.

“Umeshamuua,” mwalimu alisema.

Siku ile niliua wanne. Kesho yake saba. Kile nilichokipanga dukani hakikuwa rafu tena, kilikuwa kitabu chetu cha darasa kilichosimama wima. Na kitabu kile, A mpaka Z, ndicho kilichonishinda tangu mwanzo, maana majina yanayofanana yanakaa bega kwa bega na hakuna mwenye harufu wala mdomo uliomeguka wa kumtofautisha na jirani yake. Nilikuwa na rafu nzuri kichwani na nimeiingizia wageni kwa mikono yangu miwili. Zilibaki wiki tatu.

Mjomba aliporudi kutoka Buguruni alikwenda moja kwa moja kazini. Nilikuwepo. Alisalimia, akatundika koti lake msumarini, akaenda nyuma ya meza, akageukia ukuta.  Kisha akatia mikono mfukoni, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya dukani.

“Nani kapanga?”

“Mimi, Mjomba.”

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, na maneno ya kujibu ninayo. Akapitisha macho kushoto mpaka kulia kama mtu anayesoma.

“Umepanga vizuri,” akasema. “Zinang'aa.”

Mwenye duka akataja dawa bila kuinua uso, kwa mazoea. Hakuna kilichotua mbele yake. Mtoto wake akanyoosha mkono akaitoa chupa yeye mwenyewe, bila ubaya wowote, na Mjomba akachukua vikaratasi akaanza kuvikunja.

Nilitoka. Nilitembea mpaka Gerezani, nikarudi, nikatembea tena. Siwezi kusema nilikuwa nikimfikiria Mjomba peke yake. Nikisema hivyo nitakuwa mwongo. Nilikuwa nafikiria mtihani, na nilikuwa na hasira naye kwa kutonitukana. Siku iliyofuata nilimwomba yule kijana ruhusa ya kubandika alama ndogo nyuma ya kila chupa, kwa herufi za Kiarabu, ili Mjomba azisome. Alisikiliza kwa adabu. Akasema duka la kisasa halibandikwi vikaratasi vingine juu ya lebo, na kwamba mzee atazoea. Kurudisha zilivyokuwa nikamwomba pia. Akacheka, “Sasa hivi ndiyo umemaliza!”

Ikabidi nimwendee Mjomba mwenyewe, kwenye baraza ya nyumba yetu, Ijumaa baada ya sala. Nikaanza kusema nikiwa bado natembea.

“Mjomba, nimechanganyikiwa. Ya zamani na mpya zimeingiliana. Nitaanguka.”

“Kaa basi.”

“Siwezi kukaa.”

“Najua. Simama.” Akavua kofia akaikung'uta. “Ya zamani ninayo mimi,” akasema. “Haijaenda popote.”

Tukaingia uani. Akaokota kipande cha mkaa kutoka jikoni kwa mama na, mama akipiga kelele kwamba ukuta ule umepakwa chokaa kwa ajili ya Maulidi, akachora mistari mirefu, rafu juu ya rafu, na pembeni kabati. Kisha akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akafumba macho, akaanza. Safu ya pili kutoka juu, wa kwanza, ana kovu la gundi. Wa pili, ukimfungua pua inauma. Wa tatu mwekundu, Bwana Mkubwa huwa anampigia chafya. Nami, mkaa mkononi, naandika jina la kila mmoja mahali pake na kipimo chake chini yake, huku nikienda na kurudi mbele ya ukuta. Pale nilipobisha yeye ndiye aliyekuwa sahihi, kila mara, na nilibisha sana. Mama aliacha kupiga kelele. Siku ya pili alileta mkaa mwingine.

Tulifanya hivyo kila Ijumaa na kila Jumapili, na siku nyingine akitoka kazini kabla jua halijazama. Siku hizo alikuwa akirudi mapema. Nilijua kwa nini na sikumwuliza. Mvua ikinyesha mkaa ulikuwa ukiteremka ukutani na tunaandika upya. Niliapa nisikanyage tena Mchafukoge mpaka mtihani upite, nisiione rafu mpya hata kwa bahati mbaya. Nikienda mjini nilikuwa nazunguka mitaa mitatu.

Siku ya mtihani mwalimu alikaa pamoja na daktari Mzungu nyuma ya meza, na sisi tunaingia mmoja mmoja, tunasimama. Nilimshukuru Mungu kwamba ni kusimama. Daktari akataja dawa ya kwanza. Nikafumba macho, nikasikia sauti ya Mjomba ikisema ana kovu la gundi, nikanyanyua mkono kweli, siyo wa kichwani, nikautuma hewani juu ya kichwa cha daktari, na nikataja kipimo.

“Anaonyesha nini ukutani?” daktari aliuliza kwa Kiingereza.

“Mwache,” mwalimu akasema, na hakuitazama saa.

Niliua wawili tu, na wote walikuwa wa dawa za kupaka, ambao, mwalimu aliniambia baadaye, hawazikwi. Matokeo yalibandikwa mlangoni siku ya tatu. Nikayasoma mara mbili, nikaanza kukimbia. Nilikimbia kwenye mvua kutoka hospitali mpaka Mchafukoge, mtu mzima wa miaka ishirini na moja na viatu mkononi, na nilipoingia dukani nikadondosha maji kwenye sakafu yao yote.

“Mjomba! Nimefaulu!”

Alikuwa mlangoni kwa nyuma anafungua masanduku. Ndiyo kazi waliyompa. Akaja akinifuta uso kwa shuka la kazi alilojitupia begani, anacheka, akinishika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto. “Si nilisema,” akawaambia wote. “Si nilisema!” Mwenye duka akainuka kwenye kiti chake, jambo nadra, akaingia ndani akarudi na sahani ya peremende za maziwa, akanipa moja na Mjomba moja. Hata kijana wake akanipa mkono, akaniita mwenzake.

Katikati ya furaha ile akaingia mwanamke na mtoto mgongoni, mtoto analia tumbo. Mwenye duka akarudi kwenye mizani, akataja dawa bila kuinua uso. Sijui kama alisahau au alifanya makusudi, kwa heshima ya siku. Mjomba, peremende bado mdomoni, akageuka mara moja, mkono ukapanda usawa wa kifua, safu ya tatu, ya nne kutoka dirishani, akachukua bila kutazama na kuitua mbele ya mzee kabla hajamaliza kuitaja.

Nilikuwa nimesimama pale nilipo. Herufi niliziona vizuri, kubwa, nyeusi, nilizibandika mwenyewe.

“Mjomba,” nikasema polepole. “Siyo hiyo.”

Akaitazama chupa. Mwenye duka naye akaitazama, akaondoa macho. Mtoto aliendelea kulia. Mjomba akaichukua akairudisha pale alipoitoa, taratibu, akahakikisha imekaa sawa na majirani zake, kisha akajifuta mikono kwenye shuka.

“Basi itoe wewe,” akasema. “Wewe ndiye unayejua iko wapi.”

Nikaitoa.